Mashine Iliyokwama Barazani

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi huku Michenzani hatujambo, na goti la bibi yako limetulia.

Umeniuliza kama hoteli mnayoijenga huko Dodoma ifungwe kiyoyozi kimoja kikubwa au kile cha vipande, kinachoungwa hapo hapo. Nilipokuwa fundi kijana, tulipeleka mashine nzima ya ubaridi katika nyumba moja ya Mji Mkongwe. Uchochoro niliupima mimi, ukuta hadi ukuta, usawa wa kifua. Baraza za mawe za kukalia, zilizotokeza chini ya kuta, nilizisahau. Mashine ikakwama kwenye baraza ya Bi Zuhura, naye mwenyewe ameikalia.

"Bi Zuhura, tuivunje kidogo, kesho tutaijenga," mkuu wangu alimwomba.

"Mwanangu, mie nnakaa hapa tangu nilipoolewa. Vunja hiyo mashine yako."

Majirani walicheka, nasi tukafungua boliti. Tuliipitisha vipande vipande, na kuiunga upya kulituchukua siku tatu.

Siku hizi viwanda vinazitengeneza kama alivyotaka Bi Zuhura. Chagua cha vipande, lakini njia uipime hata hivyo, kuanzia chini.

Baraza ingalipo. Nikipita, hukaa kidogo.

Babu yako