Leo Maharage Yako Yametoka Nje, Baba Siham

Mwaka mzima umetimia leo, Soud Mansour, tangu ulipotutoka pale nyumbani Hayes, London, asubuhi ya Jumapili, chai yako umeifikisha nusu na vikopo vyako vya miche ya maharage vimejipanga dirishani kama watoto wa chuoni, vikingoja uvipeleke nje.

Watoto wameamua niandike mimi. Wao Kiswahili wanakisikia chote, lakini wakishika kalamu kinawakimbia. Mimi niliishia darasa la saba, basi wasomaji wanisamehe. Wewe huna haki ya kunicheka. Uliishia la sita.

Wema wako sitaumaliza hapa. Miaka ishirini na mbili ulipakia mizigo ya ndege za watu, na hukupata kurudi nyumbani na neno baya juu ya mtu. Mswahili yeyote aliyetua akakosa wa kumpokea ulikuja naye, nami nikiambiwa mlangoni, kwa sauti ya chini, "Mama Siham, ongeza maji kwenye mchuzi." Niliongeza maji mengi, bwana. Wengine walikaa mpaka wakaanza kulalamika mchuzi mwepesi.

Lakini tuseme kweli, mapenzi yako makubwa hayakuwa mimi wala wageni. Yalikuwa lile konde la kukodi, ploti namba ishirini na saba kati ya makonde ya nyuma ya reli. Ulilisubiri kwenye orodha miaka tisa, na mimi hukunisubiri hata miezi tisa. Ulipolipata nikalipa jina hapohapo: mke mwenzangu. Jumamosi kwake, Jumapili kwake, na siku za kazi ukipitia kwake kwanza. Ukirudi una udongo kwenye masikio, unanukia samadi, unatabasamu peke yako. Nilikuuliza, "Ana nini huyo ambacho mimi sina?" Ukanijibu, "Hasemi."

Siku hiyo ulikula mkate mkavu.

Nami nikakuapia mbele ya watoto, "Ukifa leo, kesho nawarudishia wenyewe ufunguo wa konde lao." Ukacheka mpaka ukakohoa. "Hutaweza, Sheikha. Utamwonea huruma."

Basi sikiliza yaliyotokea.

Ulipoondoka nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba kama inavyotakiwa. Maharage yako ya dirishani yalirefuka, yakaniangalia, yakafa. Hilo nakuomba radhi. Sikuwa na nguvu ya kumwambia mtu ayabebe, na mwenyewe nilikuwa siwezi kutoka. Huku mke mwenzangu kule nje hakukaa eda yoyote. Alivaa magugu mpaka kifuani.

Katikati ya Septemba nikatoka, na barua ikanikuta mlangoni. Kamati ya makonde inasema ploti ishirini na saba imetelekezwa, watakuja kuikagua tarehe tisa Mei, na ikiwa robo tatu yake haijalimwa na kupandwa, wataipokonya wampe mwingine kwenye orodha. Siham akanipeleka kwa Bwana Katibu, yule mzee mrefu wa Kizungu mwenye kofia ya sufu. Akauliza kwa nini konde limeachwa majira yote ya joto.

Siham akamwambia, "Mama alikuwa anangoja."

"Anangoja nini?"

"Miezi minne na siku kumi."

"Ndiyo, lakini anangoja nini?"

Tulijaribu kumweleza. Akatikisa kichwa kwa adabu zote, akaandika kwenye daftari lake, na tarehe tisa Mei ikabaki tarehe tisa Mei. Mimi Kiingereza changu ni cha basi na cha daktari, lakini uso wa mtu nausoma. Aliona kikongwe aliyefunikwa na shungi ambaye hajui hata jembe linashikwa wapi. Hakukosea sana. Lakini alinitia hasira, na wewe unajua nikikasirika huwa sili wala silali. Ufunguo nikautia kwenye mkufu wangu. Ahadi yangu kwako nimeivunja, Baba Siham, na sijutii.

Sasa kuna siri moja hata wewe huijui. Wasomaji wasiotoka Makunduchi niwaeleze: kwetu wakulima wa zamani hawahesabu miezi, wanahesabu makumi. Mwaka ukishakogwa, yaani sikukuu yetu ya mwaka mpya, mwezi wa Julai, unaanza kuhesabu siku kumi kumi, na kila kumi lina tabia yake, hili la mvua, hili la upepo. Soud aliibeba hesabu hii mpaka London. Kila Julai alimpigia simu dada yake kule nyumbani amuulize Mwaka umekogwa siku gani, halafu kila zikitimia siku kumi anachora alama moja ya chaki ndani ya mlango wa kibanda chake. Na amri yake ilikuwa moja: maharage, maboga na tungule, yaani nyanya, zisitoke nje mpaka alama thelathini zitimie. Watu walimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Hesabu za Makunduchi zitajua nini kuhusu baridi ya Wazungu?

Basi Julai iliyopita, ndani ya eda, nikampigia wifi. Nikamuuliza, kama vile naulizia hali ya hewa tu, "Hivi Mwaka umekogwa lini?" Akaniambia siku, tukalia wote wawili kwenye simu. Nikachukua chaki ya Haifa, mjukuu wako, nikafungua kabati lako la nguo, nikaanza kuchora alama ndani ya mlango, nyuma ya kanzu zako. Hakuna aliyejua. Nilipotoka eda nikazihamishia kibandani, zote, bila kuruka hata moja.

Kazi ilianza Februari, na Februari yenyewe ilinyesha kama mtu aliyeudhiwa. Nilikwenda na lile jembe lako ulilolileta kutoka nyumbani ndani ya sanduku, limefungwa kwa kanga zangu. Siku ya kwanza nililima pahali pa kutosha kumlaza paka. Kanti, jirani yako wa ploti ishirini na nane, yule mzaliwa wa Tanga, akaegemea uzio akasema, "Bi Sheikha, taratibu, udongo haukimbii." Nikamwambia, "Na wewe mdomo wako haukimbii? Chukua uma wa kulimia." Akachukua. Tangu siku hiyo hakupata tena raha ya kuegemea.

Machi tukavuta samadi, nikapanda vitunguu na thomu, nikafukia maharage mapana, yale yanayovumilia baridi. Upepo ukaibeba kofia ya Kanti mpaka relini. Mbatata nilizichipuza jikoni kwenye trei za mayai, Siham akashindwa kupata pa kuweka kikombe. "Mama, umekuwa Baba," akaniambia, halafu akaenda kusimama bafuni muda mrefu. Makoa walikula mche wangu wa kwanza wa kabichi na wa pili, nami nikakaa juu ya ndoo nikawatukana kwa Kimakunduchi safi, maneno ambayo hata wewe ulidhani siyajui.

Kufikia Aprili nusu ya konde ilikuwa imeshika. Lakini nusu si robo tatu. Iliyobaki ilikuwa sehemu ya maharage, maboga na tungule, nazo zilikuwa dirishani kwangu, zimetoka kwenye zile mbegu zako za kopo la biskuti.

Ndipo lilipotoka jua. Wiki ya mwisho ya Aprili London ikavua koti. Watu walivaa kaptula, wakachomwa mabega, na makonde yote ya wenzangu yakapandwa maharage kwa siku mbili. Hata Bwana Katibu alipanda yake, safu nne zimenyooka kama reli. Kanti akaniita, "Bi Sheikha, mkaguzi yuko njiani na wewe umeweka miche ndani kama maharusi! Panda leo."

Nitakuficha nini? Tarehe mosi Mei nilibeba trei zote kwenye basi, nikaja kupanda. Nilishika kile kijiti chako cha kutobolea mashimo. Nikaingia kibandani kuchukua kamba, na mlango ukanitazama. Alama ishirini na tisa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Baridi ya huku haina adabu. Inaaga, inatoka, halafu inarudi kuchukua mwavuli iliyousahau."

Nilikaa chini pale mlangoni. Nikipanda, nitapata robo tatu yangu na kukuvunjia neno lako. Nisipopanda, huenda nikalipoteza konde lenyewe. Kanti aliniona nikizirudisha trei kwenye basi, akajishika kichwa. "Yule mzee amekufa, Bi Sheikha! Nani atakuuliza?"

Nikamwambia, "Ndiye huyohuyo atakayeniuliza."

Lakini sikukaa bure. Pale pa maharage nilisimamisha miti yote, nikaifunga kamba vizuri, na chini yake nikamwaga mbegu za figili. Figili haijui baridi wala haijui subira, siku tano tu imetokeza. Robo tatu imetimia, na nafasi ya maharage yako iko palepale. Hiyo hukunifundisha wewe. Hiyo ni akili yangu.

Ijumaa ya tarehe nane, alasiri, upepo ukafa ghafla na mbingu ikasafika mno, ndege zinaonekana mpaka madirisha. Sikuupenda ule usafi; mbingu ikiwa wazi hivyo, usiku baridi inarudi kuchukua mwavuli wake. Mbatata zangu zilikuwa zimeshatoa majani laini, na shuka za kufunikia sina. Nikarudi nyumbani, nikafungua kabati lako. Samahani, bwana. Nilichukua kanzu zote saba, hata ile ya sikukuu yenye darizi, nikazitandaza juu ya mbatata kabla ya magharibi.

Jumamosi asubuhi nikashuka kwenye basi nikakuta makonde yote meupe kama yamepakwa chokaa. Jalidi, umande ulioganda, tena wa kuvunjika chini ya kiatu. Kanti amesimama mikono kichwani, maharage yake yamelala kama mchicha uliotoka jikoni. Tungule nyeusi. Maboga yamekuwa uji. Na kwenye ploti ishirini na saba kanzu saba zimejinyoosha kama wazee waliolala baada ya pilau.

Bwana Katibu akaja na karatasi zake, macho mekundu; alikuwa ametoka kwenye safu zake nne. Akasimama mbele ya kanzu. Akauliza kwa upole, "Hizi ni nini?"

Nikamjibu mwenyewe kwa Kiingereza changu cha basi: "Mume wangu." Nikainua moja. Majani ya mbatata ya kijani, hayana hata baka.

Akapita polepole. Vitunguu, thomu, maharage mapana yanachanua, figili mstari kwa mstari. Akafika kwenye miti mitupu ya maharage, akauliza maharage yenyewe yako wapi. Siham akamwambia yako nyumbani, yako salama, yanatoka Jumatatu. Akauliza nani aliyesema Jumatatu. Nikamfungulia mlango wa kibanda, nikamwonyesha alama zako. Akazihesabu kwa kidole, moja moja. Nadhani mwanzoni alifikiri tulikuwa tumemfunga mtu humo ndani, anahesabu siku zake. Siham akamweleza, na safari hii hakuandika, alisikiliza. Mwishowe akavua ile kofia ya sufu. Hiyo kofia, Baba Siham, ulikuwa ukisema amezaliwa nayo.

Karatasi wameiandika kwa jina langu. Ploti namba ishirini na saba, Bi Sheikha Soud. Iko ukutani, karibu na picha yako, juu kidogo. Usinune.

Na leo Jumatatu, siku uliyotutoka, alama ya thelathini imetimia. Nilifika saa mbili asubuhi, hewa ya vuguvugu, mawingu mepesi, udongo unanukia. Nikawakuta wamenitangulia: Kanti, wanawake wawili wa ploti za mbele, na Bwana Katibu, wote wana trei za miche mipya mikononi, wamesimama nje ya kibanda chako. Kanti akaniambia, "Hawataki kupanda mpaka useme."

Bwana Katibu akaniuliza kama tayari.

Nikamwambia angoje.

Nikafungua chupa yangu, nikamimina chai, nikainywa yote, taratibu, na ile nusu uliyoiacha wewe nikakunywea. Siham akaninong'oneza, "Mama, watu wanangoja." Nikamwambia najua, waache wajifunze. Halafu nikaingia, nikachora alama ya thelathini, ndefu kuliko zote, nikatoka nikasema, "Haya. Bismillahi."

Maharage yako yametoka nje, Soud. Safu sita, miti ishirini na nne. Nimeyamwagilia mwenyewe, na tumekusomea Fatiha papo hapo, Kanti kasimama na sisi kainamisha kichwa. Mungu akurehemu, alipanue kaburi lako, akupe huko konde lisilo na makoa.

Wanaokukumbuka ni mwanao Siham na mumewe Nadim, mjukuu wako Haifa aliyekosa chaki bila kujua iliko, dada yako wa Makunduchi anayetuhesabia Mwaka, Kanti wa ploti ishirini na nane, na wote waliowahi kula mchuzi wetu mwepesi.

Na sisi wake zako wawili, mimi Sheikha na yule asiyesema. Tumepatana. Hatutakusahau hata kumi moja.