Tulipomwelekeza Barazani

Mjukuu wangu Raya,

Salamu nyingi kutoka Chokocho. Babu yako kapata nafuu, alhamdulillah. Umeniuliza kwa nini kitabu chako cha historia hakitutaji sisi wauza pweza wa sokoni, na tangu hapo nikikaa nainuka.

Nilipokuwa msichana alikuja mwandishi, akauliza nani anaijua historia ya soko letu. Mama yangu, aliyelianzisha kwa ungo mmoja wa pweza, akanyoosha kidole: "Wazee wako kule barazani." Nasi wanawake wote tukanyoosha vidole. Wazee wale hata bei ya pweza wakituuliza sisi!

Njoo na daftari lako, Raya, usikawie. Safari hii kidole nitajinyooshea mwenyewe.

Bibi yako