Kigoda cha Curtis

Barabara ya Cedar 214,
Orrin, Nebraska.
6 Oktoba 1988

Mpendwa Mjomba Everett,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kodiak, na kwamba goti lako halikusumbui kwa baridi. Sisi hatujambo. Mama bado anakohoa kidogo, lakini Bibi Alma anakula vizuri na anakuulizia kila Jumapili.

Mimi nimemaliza shule na sasa nafanya kazi kwenye duka la mbegu. Asubuhi kabla ya kazi huenda chuoni kumwokotea kaka Leland mipira mazoezini. Nakuandikia kwa ajili yake, maana ulichezea chuo hicho hicho mpira wa Kimarekani, na ni wewe tu anayekusikiliza.

Unajua kazi yake ni kupiga ule mpira wa kuachia mkononi, wa kuwarudisha wapinzani mbali. Kwa kazi hiyo ndiyo chuo kinamsomesha. Sasa Kocha Brandt anataka apige pia mpira wa kuanzisha mchezo, ule unaosimamishwa juu ya kigoda. Aliyekuwa akiupiga, Curtis Vondra, alifariki Juni kwa ajali ya gari. Kocha amempa Leland kigoda cha Curtis, kile kidogo cha plastiki ya rangi ya chungwa kinachoshika ncha ya mpira, na anataka jibu kabla ya mechi kubwa ya mwisho wa mwezi.

Wenzake wanamtania kwa kupewa kazi mbili. Mmoja alimwambia, "Ukimaliza huko, bwana, panda jukwaani ukatuuzie bisi." Leland alicheka. Lakini tangu aanze kujaribu, paja linamkaza na mipira yake ya mkononi inakwenda kombo. Ikiendelea hivi, atapoteza nafasi yake chuoni.

Hilo ningeweza kumwambia mtu yeyote. Linalofuata nakuambia wewe peke yako.

Upepo wa hapa unaujua. Mpira hausimami kwenye kigoda bila mtu kuushikilia kwa kidole, na kidole hicho huwa changu. Jumatatu upepo ulikuwa unalaza nyasi. Niliondoa kidole ili nipulizie mikono, na mpira haukuanguka. Ulibaki umeinama kidogo kushoto, kama Curtis alivyopenda kuuweka.

Leland akarudi nyuma, akainua mkono kuonyesha yuko tayari. Akainua wa kushoto.

"Mbona mkono huo?" nikamuuliza. "Curtis ndiye aliyekuwa anainua huo."

"Mkono upi?" akasema, na bado alikuwa ameuinua.

Leo alfajiri nilitangulia ili nikifiche hicho kigoda. Jana nilikifungia stoo mwenyewe. Nimekikuta katikati ya uwanja, mpira juu yake. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na hapakuwa na alama za miguu ila zangu. Nilitaka kuuangusha ule mpira, Mjomba, nikashindwa. Nilihisi kuna mtu nyuma yake ameshainua mkono, anangoja niondoke mbele yake. Nikaondoka.

Tafadhali mpigie Leland simu. Mwambie amkatalie Kocha, apige tu mpira unaotoka mikononi mwake mwenyewe.

Nisalimie Gwen na Theo, nimewakumbuka sana. Mama na Bibi wanakusalimu. Mungu awalinde huko mliko, na ampe Curtis usingizi.

Mpwa wako akupendaye,
Nadine