Aliyekumenyea Ndizi

Mama,

Koku ametoa albamu. Baada ya miaka tisa ya kunyamaza, binti yako amefungua mdomo, na mimi natamani angeendelea kuufunga. Nakuandikia nikiwa bado na hasira, kwa sababu mwenyewe ulikuwa unasema hasira ikilazwa inaamka na njaa.

Nilikuwa Bukoba mjini kufuata vipuri vya pikipiki. Pale dukani redio ilikuwa inaongea, mtangazaji akasema malkia wa soul amerudi, mtoto wa kwetu Nshamba. Nikasimama kusikiliza kwa fahari, usidhani nilianza na chuki. Sauti yake ni ile ile ya kwaya ya parokia, ila sasa imekwaruzika kidogo na imezidi kuwa nzuri. Ndipo nikasikia maneno. Anaimba kwamba alikaa jikoni kwako akikumenyea ndizi, asubuhi na jioni, miezi yote uliyokuwa kitandani, mpaka vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu. Na albamu nzima ameiita hivyo, Utomvu.

Koku alikumenyea ndizi lini?

Siku tunakuzika kibanjani, kati ya migomba yako, alituma shada la maua ya plastiki, likaletwa na kondakta wa basi. Mimi ndiye niliyekumenyea. Unajua mwanamume wa Kihaya akionekana na kisu cha ndizi anavyosemwa. Mwanzoni nilikuwa nafunga mlango wa jikoni. Siku jirani yetu mama Editha alipochungulia, habari ilifika kilabuni kabla ndizi hazijaiva. Wakaniuliza, mbele ya vibuyu vya rubisi, mahari yangu ni kiasi gani na posa ipelekwe kwa nani. Nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani kumenya. Aibu niliila mimi, sifa amekula yeye.

Sasa wale wale wana wimbo huo kwenye simu zao. Wanaleta pikipiki nizitengeneze huku wakiuimba, wananiambia dada yako alimpenda sana mama. Padre naye ameutaja kwenye mahubiri, kuwafundisha mabinti wa siku hizi. Nilikuwa benchi la tatu. Nilitamani kusimama nimkatize, lakini ningesema nini? Kwamba nadai ndizi?

Jumamosi akaja mwenyewe, kwa ajili ya misa ya kukukumbuka. Alishuka kwenye gari la kukodi na miwani yake myeusi. Sikumwambia karibu. Nilimwekea mkungu uwanjani, watu wote wakiona, nikaweka kisu juu yake, nikamwambia, "Menya."

Akakaa chini, akamenya kama mtu anayechonga penseli, nusu ya ndizi ikaondoka na ganda. Wanawake wakatazamana. Furaha hiyo nilikuwa nimeisubiri, Mama, na niliifurahia kwa muda mfupi tu.

Kwa sababu hakukasirika. Aliendelea kumenya huku analia, utomvu ukimkaukia vidoleni, kisha akaniuliza kama nazikumbuka zile simu za Jumapili. Nitazisahauje? Nilikuwa nakuwekea simu sikioni muongee, halafu natoka nje niwaache.

"Kila Jumapili Mama alinishukuru kwa ndizi," akasema. "Kasinge, Koku, umemenya vizuri. Nilishindwa kumwambia si mimi. Ningemwambia, ingekuwa kama nimemwacha mara ya pili."

Basi hasira yangu imemwacha Koku na imekuja kwako. Ulikula mkononi mwangu, ukamshukuru yeye. Najua macho yalikuwa yamekwisha, na akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Najua. Kila mtu ananiambia mgonjwa halaumiwi. Mimi nakulaumu. Jina langu ulinipa mwenyewe, wala si refu, na miezi yote ile halikukujia mdomoni hata mara moja.

Kuna siku uliushika mkono wangu baada ya kula. Ukaupapasa kidole kwa kidole, ukanusa kiganja, na pale kwenye harufu ya oili ukasita. Ukasema, "Koku, mbona umekuwa na mikono mikubwa hivi?" Nilicheka, na wewe ukacheka. Siku hiyo ndiyo inayonisumbua sasa. Ulijua? Kama ulijua, ukaendelea kumwita yeye kwa kuwa ndiye uliyemtaka awe pale, hilo linauma kuliko wimbo wowote. Na kama hukujua, basi sijui nilikuwa namlisha nani.

Koku amesema atakwenda redioni aseme kwamba ni mimi. Nimemkataza. Sikumenya ili nishukuriwe na redio. Wimbo uachwe uimbwe, ni mzuri, na hilo nalo linaniudhi. Jana nimejikuta nauimba chini ya pikipiki ya mteja, nikautemea mate, nikaurudia.

Lakini mlango wa jikoni sifungi tena, Mama. Nakuahidi hilo. Kila misa yako, mradi nina mikono, ndizi za wageni nitazimenya mimi, pale uwanjani, mwanamume mzima kwenye kigoda, na anayetaka kuuliza mahari aje aulize akiwa ameshika sahani yake. Koku amesema atakaa karibu nami ajifunze. Kisu cha pili nimekinoa.

Pumzika, mama yangu. Na huko uliko, wakikuuliza nani alikulisha mwishoni, usikosee tena.

Ni mimi,
Kamugisha