Kobol Yangu na Dawa za Kisiwani

Niigata, Jumanne

Mdogo wangu Kinue,

Matufaha yamefika, ahsante. Nilichelewa kukujibu kwa kuogopa kukwambia kwamba walitaka kuniachisha kazi. Programu niliyoandika kwa Kobol, lugha ya zamani ya kompyuta, inayopanga usafirishaji wa dawa, ilikuwa inabadilishwa kwa mpya iliyoandikwa kwa lugha ya Java.

Jana tulizijaribu zote mbili. Ile mpya ilimaliza upesi, lakini katika ratiba yake dawa za Kisiwa cha Sado zikakosa feri ya asubuhi.

Kijana Shunpei, aliyeiandika, akaniuliza, "Mama Hirose, mbona yako haikukosea?"

"Kanuni ya kuwahi feri imo mle ndani ya Kobol yangu, mwanangu. Hukuisoma."

"Kobol siijui. Nifundishe."

Mkuu wetu alisikia. Akaniambia nibaki miaka miwili, tufundishane.

Mama yetu sikuwa nimemwambia chochote. Sasa hakuna haja.

Dada yako,
Fusae