Sifuri Mbili za Angwenyi

Ijumaa, 6 Desemba 1974
Utepe wa karatasi wa mwisho umetoka kwenye mashine yangu ya kutoboa! Alama za mtihani za watoto wa shule ya Ekerenyo, zote matundu tu. Majina hayatobolewi. Mashine ya Nairobi itakata tarakimu mbilimbili: mbili za kwanza ni za mtoto wa kwanza kwenye orodha yao ya majina, zinazofuata ni za wa pili, hivyo hivyo hadi chini. Asiyefika mtihani natoboa sifuri mbili, kumshikia nafasi. Nilikimbizana na jua — Sabato haingoji mtu. Nimefika nyumbani halijazama. Asante Mungu.

Jumatano, 8 Januari 1975
Matokeo! Bonareri wa dada yangu amepita, tena juu kabisa. Anakwenda sekondari ya bweni. Dada alinililia kwa furaha ofisini mbele ya watu, halafu akaangua kicheko: eti hata Angwenyi wa darasa lake kapewa alama thelathini na mbili, na siku ya mtihani alilazwa na malaria! Ofisi nzima ilicheka.
Mimi nilikwenda kabatini kutafuta utepe wa akiba.

Alhamisi, 9 Januari
Nimeusoma utepe wetu wa akiba, tundu kwa tundu. Angwenyi hana sifuri. Nilimruka! Kwa hiyo tangu yeye hadi chini, kila mtoto kapewa alama za anayemfuata. Thelathini na mbili ni za Bonareri. Zile za juu ni za Gesare, msichana anayemfuata Bonareri kwenye orodha. Na Gesare ameanguka.
Nilimuuliza Bwana Ogari, msimamizi, kama mashine hukosea. Akasema mashine haikosei, mtu ndiye hukosea. Hapo ndipo ningesema. Nikauliza kama chai iko tayari. Mwoga mkubwa mimi!

Sabato, 11 Januari
Dada alisimama kanisani kushuhudia wema wa Mungu. Watu wakasema Amina. Nami nilisema — kwa sauti! Najichukia. Kuku wa shukrani aliyeniletea dada bado amefungwa jikoni. Siwezi kumchinja.

Jumatatu, 13 Januari
Dada ameniletea yaya wa mwanangu Abner. Eti alisoma na Bonareri, ameanguka, mama yake anaomba apate pa kujishikiza. Gesare!
Nilimuuliza mtihani ulikuwaje. Akasema alidhani amejibu vizuri, labda alijidanganya. Hakulia. Heri angelia.
Bonareri anasafiri kesho. Dada ameacha sare yake ya shule mpya hapa ipigwe pasi. Gesare ndiye anayeipiga sasa, taratibu, Abner mgongoni. Leo sikwenda kazini; Ogari yuko ofisini hadi saa kumi na moja. Nimevaa viatu. Nimevivua.
Ananiuliza: Mama Abner, kola niilaze hivi?
Nimemwambia ni sawa.