Matawi Aliyoyavunja Baba

Bonga, Babati
6 Oktoba 1984

Mdogo wangu Romani,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Korogwe? Mkonge haujakutoboa macho? Sisi wazima, ila njaa. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba, na duka la kijiji likileta unga wa njano, wanaupata wenye viwiko.

Baba alichoka kututazama. Jumatano alichukua upinde akapanda mlimani kwenye vichaka, akampiga tandala ubavuni. Akarudi nyumbani akanywa maji, akakaa kumpa mnyama muda wa kulala chini, kama kawaida yake. Alikuwa anacheka, Romani. Sumu ya mshale ilikuwa ya zamani, akasema huyu atatembea kidogo kabla ya kuanguka. Akaenda kufuata damu, na hajarudi mpaka leo.

Nilitaka kumfuata, Mama akakataa. Unajua kwetu anayefuata mnyama aliyejeruhiwa haendewi nyuma. Tutakanyaga damu, tutamkurupusha mnyama, na lawama ya nyama kupotea itakuwa yetu. Mama amemwomba Mama Egidius chumvi ya kukaushia nyama, ameifunga kwenye kitambaa. Wewe mwenyewe unajua chumvi ilivyoadimika. Mimi naogopa.

Dada yako,
Hilaria


Korogwe
27 Oktoba 1984

Dada Hilaria,

Shikamoo. Mwili wangu haujambo, moyo ndio umevurugika. Barua yako nimeipata jana. Mabasi hayana mafuta, barua zinalala njiani, na mimi nimeomba ruhusa ya kuja, nyapara akanicheka.

Dada, kama bado mnangoja, acheni! Nilipokuwa nikienda naye porini niliona anavyofanya. Kila anapokuta damu anavunja tawi la kichaka, usawa wa bega, bila kulikata, ncha ielekee alikokwenda mnyama. Wakati wa kurudi anavunja mengine, ncha zikielekea nyumbani. Msitazame chini, tazameni matawi. Nendeni kabla ya mvua. Mwambie Mama lawama ya nyama nitaibeba mimi.

Mdogo wako,
Romani


Bonga, Babati
19 Novemba 1984

Mdogo wangu Romani,

Pole sana. Kaa kwanza ndipo usome. Baba tumempata, na tumemzika shamba la juu. Katekista alikuja kutuombea.

Kabla ya barua yako Mama alikuwa ameshakubali, watu wakaingia porini wakikodolea macho ardhi. Walikanyaga kila kitu, wakarudi mikono mitupu. Barua ilipofika niliingia mimi na Mama. Matawi yalikuwepo, yamekauka, usawa wa bega kama ulivyosema. Yalitupeleka mpaka korongoni. Upinde wake ulikuwa huko chini, umevunjika.

Kutoka pale ncha zinageukia nyumbani. Lakini Romani, matawi ya kurudi hayakuwa usawa wa bega. Yalikuwa chini ya goti, na kadiri tulivyoendelea yalizidi kushuka, mpaka yakawa ya vichaka vinavyogusa udongo. Mguu ulikuwa umevunjika, alikuwa anatambaa. Na bado kila alipofika alivunja tawi. Koti lake na mifupa yake tuliikuta kando ya tawi la mwisho. Ukisimama pale unaliona paa la jirani yetu Marseli.

Marseli amelia mbele ya watu. Siku ile niliyokuandikia alisikia sauti ya Baba vichakani, akadhani anamfukuza mnyama. Akamfunga mbwa wake, akawanyamazisha watoto, asimharibie mwenzake uwindaji. Hakuna aliyemlaumu. Sisi wenyewe tungefanya vilevile, na tulifanya. Nina hasira na Mama, nina hasira na mimi, halafu namtazama Mama alivyokonda naona aibu.

Tandala hatukumwona. Ile chumvi tumepikia maharage ya watu wa msiba. Wamesifu yamekolea. Mama hakuonja.

Dada yako,
Hilaria